Aliiona Bastola, Sasa Anatakiwa Kusaini Kwamba Hakuiona

Saa nne na robo asubuhi, foleni ya abiria imeshapita mlango wa vioo wa uwanja wa ndege na kukunja kona. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, kitambaa cha kichwani kimebanwa kwa pini mbili, anabeba trei za plastiki kutoka mwisho wa mashine ya kukagulia mizigo na kuzirudisha mwanzo.

"Mkanda wa suruali, baba, vua. Simu humo humo. Na viatu, mwanangu. Ndiyo, hata hivyo vipya."

Watu wawili watatu wanacheka. Yeye hacheki. Macho yake yako kwa mwenzake aliyekaa mbele ya kioo cha mashine, hatua nne kutoka alipo.

"Yuko pale tangu saa tatu na nusu," ananong'ona. "Dakika arobaini na tano. Saa hizi anatazama tu, haoni kitu."

Kanuni ya kazi hii ni dakika ishirini. Mkaguzi akikaa kwenye kioo dakika ishirini, anainuka, anapumzisha macho, mwingine anakaa. Kwa utaratibu huo zamu moja inahitaji wakaguzi kumi na wawili. Asubuhi hii wapo saba. Kanuni yenyewe imebandikwa ukutani, imewekewa fremu nzuri, na hakuna mwenye habari nayo.

Upande wa pili wa mkanda, mpekuzi wa abiria wa kike, ambaye wenzake humwita Dada Glavu, anamnyang'anya bibi mmoja kichupa cha dawa ya kuchua. Kimezidi kipimo.

"Mwanangu," bibi analalamika, "unadhani nitaiteka ndege kwa dawa ya magoti?"

"Sheria haijui magoti, bibi. Nisamehe."

Kichupa kinatupwa kwenye pipa. Wakati huohuo kamba ya pembeni inanyanyuliwa. Wanaume wawili waliovaa suti wanapita na ofisa wa mapokezi, viatu miguuni, mikanda viunoni, na hakuna anayewauliza wana nini mifukoni.

Mwanamke wa trei anaangalia mambo yote mawili, pipa na kamba. Anakaza midomo. Kisha anainama kuokota trei nyingine.

Wenzake humwita Bi Kioo, na hakulipata jina hilo kwa kubeba trei. Alikaa mbele ya kile kioo miaka tisa. Aliingia uwanjani akiwa mfagiaji mwenye elimu ya msingi tu. Siku moja kampuni ya ulinzi ilitangaza mtihani wa macho, akaomba ajaribu. Waliokuwa na vyeti virefu walicheka. Kati ya picha arobaini za mabegi, Bi Kioo alipatia thelathini na nane, na vicheko vikaisha.

"Huyu hata sindano kwenye unga anaiona," anasema mama mkwe wake, anayeishi naye. "Mimi sifichi kitu humu ndani. Nitaficha wapi?"

Lakini ni siku kumi na tatu sasa tangu aondolewe kwenye kioo. Kosa lake, ukilitazama vizuri, ni kwamba aliiona bastola.

Ili msomaji aelewe, kuna jambo moja la kazi hii ambalo abiria hatuambiwi. Mashine ya mizigo ina tabia ya kumjaribu anayeitazama. Mara kwa mara, katikati ya mabegi ya kweli, inachomeka picha ya uongo, kisu au bunduki au mabomba yenye nyaya. Mkaguzi akiiona anabonyeza kitufe. Kama ni ya uongo, picha inafutika na maandishi ya kijani yanampongeza. Kama ni ya kweli, haifutiki.

"Kwa siku unaweza kupata kumi za uongo," Bi Kioo anaeleza. "Mwaka mzima hupati hata moja ya kweli. Hapo ndipo penye hatari. Mtu anazoea. Akiona bunduki anajisemea, ah, mashine na michezo yake."

Siku ile, saa tano kasoro dakika chache, ndege ya saa tano na nusu ilikuwa inaita abiria wake. Lilipita begi dogo jeusi la magurudumu. Ndani ya kiatu Bi Kioo aliona umbo. Akabonyeza kitufe. Umbo likabaki. Akabonyeza tena. Likabaki vilevile. Akasimamisha mkanda.

Mwenye begi alikuwa mtu mzito, aliyesindikizwa na ofisa wa mapokezi. Alikuwa ameshavuka, anatazama saa yake. Msimamizi wa zamu akaja mbio, simu sikioni.

"Mama, hiyo picha ya mashine. Achia."

"Picha ya mashine ukibonyeza inaondoka, bosi. Hii imekaa."

"Mashine imeganda. Hata juzi iliganda. Achia, mama, unatuchelewesha!"

"Tufungue tu begi. Dakika moja."

Hakupewa hiyo dakika. Kwa maelezo yake, msimamizi alinyoosha mkono juu ya bega lake na kubonyeza mkanda mwenyewe. Begi likatoka, mwenyewe akalidaka, akaondoka zake bila hata kugeuka.

Bi Kioo hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, akawaita polisi wa uwanja. Walimfikia yule bwana kwenye mlango wa kuelekea ndegeni. Ndani ya kiatu, ndani ya soksi, palikuwa na bastola na risasi sita.

Alisema alisahau. Mtu anasahau mwavuli. Huyu alisahau bastola, akaikumbuka soksi ya kuifunikia. Silaha ilibaki polisi, yeye akahojiwa kwa saa moja, akapewa kiti kwenye ndege ya mchana. Ndege aliyokuwa apande iliondoka ikiwa imechelewa dakika hamsini na mbili. Ndani yake walikuwemo abiria mia moja na themanini, na hakuna hata mmoja aliyejua cha kushukuru.

Ungetegemea mkaguzi apewe japo mkono wa heko. Siku ya tatu aliitwa ofisini, akawekewa karatasi mezani na msimamizi yuleyule. Iliandikwa hivi: mkaguzi aliyekuwa kwenye kioo alidhani silaha ni picha ya majaribio, akaruhusu mzigo upite, msimamizi wa zamu aligundua kosa na kutoa taarifa.

"Nilisoma mara mbili," anasema. "Nikamwuliza, bosi, huyu aliyeandikwa hapa ni mimi au ni wewe?"

"Mama, kwako hili ni onyo tu," anakumbuka akijibiwa. "Unasaini, wiki ijayo unarudi kwenye kioo, maisha yanaendelea. Mimi nikiandikwa hivyo, nimekwisha."

"Kwa hiyo nife mimi kidogo ili wewe usife sana?"

Msimamizi alicheka, anasema Bi Kioo. Akampa kalamu. Bi Kioo akaiweka mezani, akarudi kazini, akakuta jina lake limehamishiwa kwenye trei. Alhamisi ijayo ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Akisaini kabla ya siku hiyo, anabaki kazini na onyo. Asiposaini, barua ya kumwita kwenye kamati inasema wazi, ajira yake inaweza kusitishwa.

Mtu atauliza, si mashine ina kumbukumbu? Inayo. Inaonyesha kitufe kilibonyezwa mara mbili na mkanda ukasimamishwa. Tatizo ni namba. Kila mkaguzi ana namba yake ya kufungulia mashine, na anatakiwa aiingize kila anapokaa. Asubuhi ile mashine ilifunguliwa na msimamizi kwa namba yake. Foleni ilikuwa ndefu, Bi Kioo akakaa bila kubadilisha. Kwa hiyo kwa mujibu wa mashine, aliyeiona bastola ni msimamizi! Na polisi aliyepokea simu aliandika tu kwamba imetoka eneo la ukaguzi.

"Hilo la namba ni kosa langu, nalikubali," anasema bila kuzunguka. "Kubadilisha kunachukua nusu dakika, na wote tulishazoea kuiruka. Nimeliandika kwa mkono wangu. Waniadhibu kwa hilo. Nilichokifanya nitakibeba. Nisichokifanya, wambebeshe mwingine."

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na kibaraza chenye mashine ya kushonea. Jumapili mchana, akitoka ibadani, ameketi akirudishia upindo wa sketi ya sare. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita kwa maradhi ya figo. Ndugu walimtaka mama mkwe arudi kwao. Bibi akakataa katakata. "Nirudi kwa nani? Mwanangu aliyebaki ni huyu," anasema, akimwelekezea mkwe wake kidevu.

Mshahara wa Bi Kioo unalisha wote wawili na unamsomesha binti yake, aliye mwaka wa pili wa uuguzi. Binti alipopata habari alipiga simu akilia.

"Alisema, 'Mama, saini tu. Ni karatasi. Nikimaliza chuo utaacha kazi yao.'" Bi Kioo anakata uzi kwa meno. "Sikumlaumu. Ana haki ya kuogopa. Lakini mimi kila asubuhi kabla ya kuvaa hii sare naomba jambo moja tu, Mungu asimpitishe mtu mbaya mbele ya macho yangu nikamkosa. Siwezi kuomba hivyo asubuhi, mchana nikaandika uongo kwa mkono uleule."

Gazeti hili lilimpigia simu msimamizi wa zamu. Kuhusu karatasi alisema suala liko ofisini. Kuhusu hatari alikuwa na mengi.

"Utekaji wa ndege ni habari za zamani," alisema. "Siku hizi mlango wa rubani ni wa chuma, unafungwa kwa ndani. Nani atauvunja? Watu wanakuza mambo."

Bi Kioo anaposomewa maneno hayo, sindano inasimama hewani.

"Mlango wa chuma, sawa. Abiria wanakaa upande gani wa huo mlango? Ndani na rubani? Mtu akishika bastola nyuma huko, akamwekea mtoto wa mwenzio kichwani, rubani atasikia au hatasikia?" Anavuta pumzi. "Wanasema haijatokea siku nyingi. Haijatokea kwa sababu watu wabaya wamekwisha duniani? Haijatokea kwa sababu kuna mtu alikaa kwenye kiti akaangalia. Siku wakijua kwamba hapa kwetu ukiwa na suti kamba inanyanyuliwa, na anayeona anaadhibiwa, watakosaje kuja? Mimi ningekuwa mwizi ningehamia."

"Ungekuwa mwizi ungekamatwa," anadakia mama mkwe. "Hujui kudanganya."

Hapo ndipo mtu anapoona hasira ya mwanamke huyu ilipo. Haimwendei yule bwana wa begi, wala haimwendei sana msimamizi. Inawaendea waliotazama hesabu ya zamu wakaona watu saba wanatosha kufanya kazi ya kumi na wawili, kisha wakamnyang'anya bibi dawa ya magoti ili abiria wengine waone kwamba ulinzi upo. Msemaji wa kampuni ya ulinzi aliulizwa kuhusu kanuni ya dakika ishirini. Alijibu kwa ujumbe mfupi kwamba usalama wa abiria ni kipaumbele chao. Hakutaja dakika hata moja.

Aliyesikia kila kitu siku ile ni mmoja, Dada Glavu. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kioo. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, na huu wa sasa unaisha mwisho wa mwezi. Mwanzoni alimwambia Bi Kioo kwamba hakusikia vizuri, mashine zilikuwa zinalia.

"Sikumsukuma," anasema Bi Kioo. "Ana watoto watatu. Nilimwambia tu, mdogo wangu, nenda kalale, ukiamka ujiulize kama hukusikia."

Mpango wake wa Alhamisi ni mfupi. Ataingia na sare iliyopigwa pasi na ukurasa mmoja alioandika mwenyewe. Juu, kosa lake la namba. Chini, mambo mawili anayoyataka: kila mkaguzi aingie kwa namba yake hata foleni ifike barabarani, na dakika ishirini ziwe dakika ishirini. Akirudishwa kwenye kioo, atakaa. Akifukuzwa, atashona nguo hapo kibarazani, na bado hatasaini.

"Nikisaini kwamba sikuona," anasema, "nitamfundisha nini atakayekaa pale baada yangu? Kwamba akiona afumbe macho?"

Saa tisa mchana hodi inabishwa. Ni Dada Glavu, bila glavu leo, mkoba kifuani, amebaki mlangoni kama mtu aliyepotea nyumba. Mama mkwe anamwita ndani mara mbili kabla hajavua viatu. Anakaa ukingoni mwa kiti. Hanywi chai aliyopewa.

"Dada," anasema hatimaye, "Alhamisi ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi unipitie saa mbili. Nikienda peke yangu nitageuza njiani."

Bi Kioo anaweka sketi chini. Anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha anamsogezea kikombe.

"Nitakupitia saa moja na nusu," anasema. "Kwa kujipamba kwako nakujua."