Neno Nililomchongea Kimeu

Hapa Kaloleni hii aibu inajulikana, kwa hivyo sina cha kuficha, na heri muisikie kwangu kuliko kwa wanaoongeza chumvi. Mimi niliacha shule darasa la tatu nikashika randa na patasi, na kwa hizo mbili nimejenga nyumba na kusomesha watoto wanne, basi sikuwa mtu wa kuambiwa kitu.

Rafiki yangu Kimeu alipofariki, mkewe, Mama Mwende, alikuja kwenye kibanda changu kuniomba msalaba wa kusimama kaburini mpaka familia ijenge kaburi. "Jina na miaka yake tu, shemeji," akasema. Lakini mimi nikaona jina tu ni kama kumzika mtu asiye na watu. Kimeu aliendesha lori maisha yake yote, na kuna mwaka alishikwa kwa mtoto aliyegongwa barabarani. Korti ilimwachilia, lori lililogonga halikuwa lake, lakini midomo ya watu haikumwachilia. Nilitaka kumsafisha mbele yao, na nimsafishe kwa Kizungu, maana matanga yetu bila Kizungu huonekana hayajakamilika (hata kama waliokaa pale ni Wakamba watupu).

Sasa, nilitaka kuandika alikuwa dereva mashuhuri, lakini "famous" niliiona ya bei rahisi, hata muuza chipsi ni famous. Nikakumbuka redioni, wakitaja mtu anayejulikana nchi nzima husema "notorious". Hiyo ilikuwa na uzito. Binti yangu Ndinda, ambaye ni karani, akaniambia, "Baba, nionyeshe kwanza kabla hujachonga."

"Na hiyo Kiingereza yako ni nani aliilipia?" nikamuuliza.

Nikachonga, tena si kwa juu juu, chini ya jina na miaka yake nikazamisha herufi mpaka ncha ya kidole ikaingia: A NOTORIOUS DRIVER.

Asubuhi ya ibada, kwenye holi ya mtaa, nikauleta msalaba umefunikwa shuka, nimevaa suti, nikaufunua mwenyewe kando ya jeneza na kusimama nikingoja makofi (ndiyo, makofi, kwa matanga). Vijana wa nyuma wakainamisha vichwa. Mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Mama Mwende, asiyesoma Kizungu, akamuuliza mwanawe, "Wameandika nini hapo?"

Ndinda akanijia sikioni. "Baba, famous ni mtu anayejulikana sana, na mara nyingi ni kwa sifa nzuri. Notorious ni anayejulikana kwa ubaya. Umeandika Kimeu alikuwa dereva wa sifa mbaya."

Ningeweza kumtuma yeye. Lakini nikaenda mwenyewe, nikachuchumaa mbele ya Mama Mwende, nikamweleza kwa Kikamba, neno kwa neno. Akautazama ule msalaba, halafu mimi.

"Hata wewe," akasema.

Basi lilikuwa linangoja nje kutupeleka Machakos kuzika. Nikatoka mbio, nikarudi na randa, nikalaza msalaba juu ya viti viwili nikaanza kuparaza mbele ya watu wote, na kwa vile nilikuwa nimechonga kwa kina ile kazi haikuisha haraka, hakuna aliyeanzisha wimbo, ni randa tu iliyosikika, na maranda yakiangukia viatu nilivyovipiga rangi alfajiri. Nilipomaliza, ule ubao ulikuwa umekonda katikati, na mahali pale pakawa peupe.

Kaburini, mzee mmoja wa kijijini akapitisha mkono pale penye bonde. "Fundi, hapa kulikuwa na nini?"

Nikafungua mdomo, lakini Mama Mwende akanitangulia. "Mbao ilikuwa na kasoro," akasema, na hakunitazama.

Siku hizi mtu akiniletea kazi yenye Kizungu namwita Ndinda aisome kabla sijagusa patasi, na yeye akisoma mimi nasimama kando, mikono nyuma, kama mtoto wa darasa la tatu.