Fundi Cheche na Sufuria ya Chai

Jina la Fundi Cheche hakupewa na mama yake. Husema alipewa na barabara nzima, ila ukweli ni kwamba alijipa mwenyewe kisha akasubiri watu walizoee. Kazi yake ni kutengeneza mageti na madirisha ya chuma, na kila anapowasha grinda, mashine yake ya kukatia chuma, cheche humnyeshea mkononi hadi kwenye kiwiko. Yeye hata uso hakunji. Anaweza kukata bomba zima huku anajadiliana na mteja kuhusu rangi ya geti. Mteja akitoa macho, fundi humwambia taratibu, "Moto na mimi tunaheshimiana."

Heshima hiyo aliitia chumvi mwaka hadi mwaka. Alianza kwa kusema ngozi yake imezoea. Baadaye ikawa ndivyo ilivyo ngozi ya ukoo wao. Binti yake alipoanza shule, hadithi ilikuwa imevimba mpaka kuna babu aliyeshika kaa la moto kwa vidole akawashia tumbaku yake, jambo ambalo babu mwenyewe hakuwahi kulisikia. Binti aliimeza yote. Aliwapelekea wenzake, akarudi na maswali yao, na fundi akayajibu kwa uongo mpya. Kama kuna kazi aliyoifanya kwa moyo kuliko mageti, ni hiyo ya kuwa mtu wa ajabu machoni pa mtoto mmoja.

Kisha ikaja Jumapili ya chai.

Sufuria ilikuwa jikoni, imejaa, inatokota. Mke wake akamwambia achukue kitambaa. Sasa, mtu anayeheshimiwa na moto anachukuaje kitambaa mbele ya binti yake? Aliishika mikono mitupu, akapiga hatua mbili kuelekea mezani, na hapo vidole vikajiamulia mambo bila kumuuliza. Sufuria ikayumba, chai ikamwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Alitoa sauti ambayo mpaka leo anaomba Mungu majirani wawe walidhani ni ya paka.

Mke wake akauweka mkono ule chini ya maji ya bomba, muda mrefu. Fundi aliyasikia yote ambayo hayakusemwa. Binti alisimama mlangoni. Akautazama mkono, akamtazama baba yake usoni, kisha akaenda kuchukua tambara akafuta sakafu. Hakuuliza swali hata moja. Fundi angefurahi sana kama angeuliza.

Kesho yake alikwenda kazini na shati la mikono mirefu, jua likiwaka.

"Shemeji," akasema kaka wa mke wake, ambaye ni mshirika wake katika karakana, "unaumwa au unakwenda kuoa?"

"Naiheshimu kazi."

"Umeanza lini?"

Wiki hiyohiyo akapita mwalimu wa sayansi. Darasa la saba, darasa la binti yake, walikuwa wanasoma tofauti ya joto na halijoto, na walikuwa wamechanganyikiwa vibaya. Katika kutafuta mfano, wanafunzi walimtaja baba wa mwenzao ambaye haungui. Je, angewaruhusu waje kumwona? Akili ilimshauri aseme karakana itafungwa. Lakini akili ya fundi haijawahi kushinda kichwa chake kikishavimba. Aliwaza kwamba darasa zima likishangaa, binti yake naye atashangaa upya, na Jumapili ile itafutika.

"Walete," akasema.

Walikuja asubuhi, wakapangwa nyuma ya kamba. Fundi akakunja mkono mmoja tu wa shati, wa kulia. Akavaa miwani, akawasha grinda, akakata kipande cha chuma polepole kuliko ilivyohitajika. Cheche zikamnyeshea. Watoto wakaguna kwa mshangao. Shemeji akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Grinda ilipozimwa, mwalimu akasema, "Cheche hizi zinapita digrii elfu moja. Kwa nini haungui?" Mwalimu akamgeukia binti wa fundi. "Wewe jana uliandika vizuri sana kuhusu jambo hili. Waeleze wenzako."

Binti akasimama. Akautazama mkono wa kulia wa baba yake, kisha ule wa kushoto uliofungwa vifungo mpaka kiganjani. Akainama. "Nimesahau, mwalimu."

Wenzake wakamcheka.

Hakusahau. Fundi alimjua mtoto huyo. Hasahau hata pipi aliyoahidiwa mwaka juzi. Jibu alikuwa nalo, na jibu lenyewe lilikuwa linamvua baba yake nguo hadharani, ndipo akaona heri achekwe yeye. Hilo lilimuuma fundi kuliko chai. Mtu mzima, mwenye ndevu na karakana, amejificha nyuma ya sketi ya mtoto wa darasa la saba.

Akafungua vifungo vya mkono wa kushoto, akalikunja shati hadi juu. Ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, inang'aa kwa dawa.

"Hii ni chai," akawaambia. "Si moto wa jehanamu, ni chai. Hata digrii mia haikupita, na nililia. Mtoto huyu alinisikia. Anajua kwa nini, ila ananionea huruma. Mwanangu, waambie. Na usinipunguzie."

Shemeji akacheka kwa sauti, peke yake, kisha watoto wakamfuata.

Binti alianza kwa sauti ndogo. Akasema halijoto inaeleza kitu ni cha moto kiasi gani, na kwa hilo cheche inaishinda chai mbali sana. Lakini joto ni nishati inayotoka kwenye kitu cha moto kuingia kwenye kilichopoa zaidi, kama ngozi, na cheche ni punje ya chuma ndogo kuliko chembe ya mchanga.

"Imebeba kidogo mno," akasema. "Ikigusa ngozi inatoa hicho kidogo, inapoa, basi. Chai si kali hivyo, ila ni nyingi. Inatoa joto na inaendelea kutoa, haiishiwi upesi." Sauti ilikuwa imeshapanda.

"Kwa hiyo si ngozi ya ukoo wenu?" mmoja akauliza.

"Hapana. Hata wewe ungeweza."

"Na babu wa kaa la moto?"

Binti akamtazama baba yake. "Hata tumbaku hakuvuta," fundi akakiri.

"Basi jaribu wewe," akasema yule mmoja.

Mwalimu akasita, kisha akampa binti miwani, akamsimamisha mbali na grinda, pale cheche zinapoishia. Binti akanyoosha mkono. Grinda akaishika shemeji, kwa sababu fundi alikuwa amemwachia na kwenda kusimama kando ya mwalimu. Alijua hakuna kitakachotokea. Cheche zilikuwa zimemwangukia yeye nusu ya maisha yake, na sababu ilikuwa imetoka kuelezwa sasa hivi, tena kwa ufasaha.

Chuma kikalia.

"Zinatekenya tu," alimsikia binti akisema, anacheka. "Baba, tazama."

Baba hakutazama. Fundi Cheche, anayeheshimiana na moto, alikuwa amefumba macho yote mawili na kumng'ang'ania mwalimu mkono.