Gari Nililoliendesha kwa Masikio

Binti yangu ndiye anayeshika kalamu, mimi nasema tu. Nimemwambia asinitengenezee maneno, nikitukana aandike tusi.

Macho yangu hayakufa siku moja. Yalikufa kama ng'ombe wa kiangazi: anapiga goti, anainuka, anapiga goti tena, na wewe umemsimamia na fimbo unamtukana. Ni trakoma, ugonjwa wetu wa nzi na vumbi na maji ya kubaniana. Kope zinageuka kuelekea ndani, zinakwangua jicho kila unapopepesa. Marehemu mama alikuwa akinilaza kichwa mapajani pake na kuning'oa kope kwa kibano. Nikilia ananipiga kofi. "Tulia, we mtoto! Mimi zangu nazing'oa mwenyewe, nani ananibembeleza?" Watu husema mama hana ukatili. Hao hawakung'olewa kope.

Basi nikafika utu uzima, nimefiwa na mke, nimeachiwa binti huyu, na jicho la kushoto limekufa kabisa. La kulia lilikuwa linaona mwanga na vivuli. Mtu akisimama mlangoni mchana namwona kama gunia jeusi. Nikauza ng'ombe wa urithi, maana huwezi kuchunga usichokiona; unakuja kushtuka unachunga kichaka. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila kitu ruksa, mitumba ya nguo, mitumba ya viatu, hata mitumba ya kompyuta. Nikanunua kompyuta moja kuukuu na redio kubwa ya spika tano na sabufa, ile waliyoiita homu thieta. Nikafungua banda pale Ihumwa. Mchana watoto wanacheza gemu, jioni wakubwa wanaangalia sinema.

Fundi wangu alikuwa Mhehe. Lazima nieleze hapa, wasomaji wengine hawajui mambo yetu. Mgogo na Mhehe ni watani tangu enzi za babu. Mtani anakuja msibani kwako, analala mahali pa maiti, anachukua jogoo wako, anakuambia marehemu alikuwa mchawi, nawe unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Hiyo ndiyo sheria, na ni sheria ngumu kuliko zile wanazopitisha mjini.

Siku ya kwanza ya kuunganisha alifika akaanza, kabla hata ya kuweka begi chini.

"Mgogo, umenunua kompyuta ya nini? Wewe kazi yako iliyobaki ni kwenda Dar kushika bakuli."

"Na wewe Mhehe umetembea huku kote kwa miguu? Mbwa wa kwenu wamekwisha mpaka unatafuta wa Ihumwa?"

Tukacheka, maana Mgogo husemwa ni ombaomba na Mhehe husemwa ni mla mbwa. Akachomeka waya mmoja kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, akaupeleka kwenye redio. Sauti ikatoka, lakini ilikuwa uji. Gari likipita kwenye gemu linanguruma spika zote kwa pamoja, kama lori limeingia kanisani. Nikamwambia haifai. Akanitukana. Akahangaika, akaunguza kitu kimoja ndani ya kompyuta, ikanuka kama nywele, akanunua kingine cha mitumba. Hicho kilikuwa na matundu matatu: la kijani, jeusi na la rangi ya machungwa. Kumbe kila tundu lina spika zake. La kijani ni mbele kushoto na kulia, jeusi ni nyuma, la machungwa ni spika ya katikati na sabufa. Akaleta waya tatu, kila mmoja umegawanyika vichwa viwili, akavichomeka nyuma ya redio kimoja kimoja, halafu akaiambia kompyuta kwamba sasa ina spika tano. Spika akazipigilia kwenye nguzo za banda, mbili mbele, mbili nyuma, moja juu ya kioo cha kompyuta.

Nikakaa katikati. Mtoto mmoja alikuwa anacheza mbio za magari. Gari likanipita kutoka nyuma, sikio la kulia, likaenda mbele likapotea. Nikageuka kuliangalia! Nilisikia changarawe upande wa kushoto, nikajua mtoto ametoka barabarani kushoto. Nikasikia mlio umekuwa wa tumbo, nikajua yuko juu ya daraja. Mimi niliyekuwa napapasa ukuta wangu mwenyewe nikienda msalani, niliiona barabara nzima.

Nikajifunza barabara moja, moja tu, kama mtu anavyojifunza sala. Asubuhi kabla watoto hawajaja nilikuwa nakaa pale, vidole juu ya vitufe vya mishale. Changarawe ikilia kushoto, narudi kulia. Watu wa ndani ya gemu wakishangilia upande wa kulia, kona imefika. Mwishowe nilikuwa nawashinda watoto wenye macho ya kunguru. Habari ikaenea: yule mzee wa banda anaendesha gari la kompyuta, nani kasema haoni?

Na mimi nikaiacha ienee. Kulikuwa na mwanamke.

Alikuwa mjane aliyetoka Gulwe, huko kwenye njia ya reli, amehamia Ihumwa na wanawe, anauza mafuta ya alizeti. Sitamsifu sana, binti yangu anaguna hapa. Alikuwa na sauti nzito na alicheka vibaya, kama mtu anakohoa. Tulielewana. Lakini mwenye kauli alikuwa kaka yake, aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na huyo alikuwa amesikia minong'ono ya macho yangu. Alimwambia dada yake mbele za watu, "Mume wa kwanza umemuuguza mpaka umezeeka. Wa pili hutamuuguza. Kipofu simtaki." Si mtu mbaya. Ningekuwa na dada, ningesema hivyo hivyo.

Akatuma neno kwamba anakuja kunitazama. Nikaona nimepona, gari litanisemea. Nikamwambia binti apike, nikamwita fundi aje akague waya, kisha abaki, maana posa bila mtani haichangamki. Hilo nalo ni la kwetu.

Kaka mtu alifika mchana na wazee wawili. Nilitoka kuwapokea mahali nilipopazoea, nikawaamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, karibuni. Karibu, shemeji."

"Usiniite shemeji, sijawa shemeji. Nasikia unaendesha magari."

"Ya kompyuta, kaka. Kujifurahisha tu."

"Basi tufurahishe na sisi. Endesha nione."

Nikaingia bandani na moyo mweupe. Nilijua njia mpaka kwenye kiti. Nikakaa, nikaweka vidole. Fundi alikuwa nyuma ya redio, namsikia anakohoa kohoa. Nikadhani vumbi.

Gari likaondoka vizuri, mwanzoni pamenyooka. Kisha watu wakashangilia kushoto. Kushoto? Pale ni kulia siku zote. Nikajiambia labda nimekosea, nikaenda kushoto, changarawe ikalia kulia, nikazidi kukaza kushoto kuikimbia, puu! Ukuta. Nikarudi barabarani. Changarawe kushoto, nakimbilia kulia, puu! Kadiri nilivyojiokoa ndivyo nilivyojiua. Gari likanipita sikio la kulia, nikasikia watoto dirishani wanapiga kelele, "Huko siko, babu! Ukuta! Ukuta!" Nikagonga, nikagonga, sabufa inapiga kila ninapogonga mpaka bati zinatetemeka. Jasho likaniingia kwenye macho yale yale.

Fundi alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. Alibadilisha vichwa vya waya, cha kushoto kimeingia kulia, cha kulia kushoto, spika za mbele na za nyuma pia.

"Mgogo! Hata kwenye kompyuta unagonga watu! Mleteeni bakuli!"

Watoto wakacheka. Mzee mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa. Kaka mtu hakucheka. Akasogea karibu yangu, nikasikia nguo yake, akasimama pale. Baadaye niliambiwa alikuwa amenyoosha mkono mbele ya uso wangu kama anayenipa mkono, na mimi nimekaa natazama kioo.

"Basi," akasema. "Sisi mkwe tumemwona. Yeye hajatuona bado."

Hawakula. Chakula binti alikuwa amekwisha kupakua, wali na kuku. Fundi akakaa akala sahani zote, maana hiyo pia ni haki ya mtani, posa ikiharibika chakula ni chake.

Nikamuuliza, "Ulijua huyu mtu amekuja kwa nini?"

"Nilijua."

"Na ulijua mimi naendesha kwa masikio."

"Nani alikufungia hizo spika? Nilijua kabla yako."

"Sasa kwa nini?"

Akatafuna mfupa kwanza. "Utani usiouma huo ni salamu tu, bwana. Ukitaka salamu nenda kwa jirani."

Ningempiga, wazee wangenitoza mimi. Walishawatoza wengine faini kwa kukunja uso tu.

Kesho yake banda halikufunguliwa. Nilikaa ndani. Watoto walikuwa wanakuja mlangoni, wanasimama kimya, kisha mmoja anaita, "Dereva kipofu!" na wanatimua mbio. Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara nyingine nikarusha kiatu. Wakaja tena, wakaja tena, mpaka jua linaelekea kuzama walikuwa wameshanifanya mnyama. Nikaona mlango umezibwa tena, gunia jeusi limesimama kimya. Nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Nilisema mambo ya mama yake, na ya baba aliyemzaa, na mahali atakapofia. Nikasema, "Toka hapo mlangoni kwangu, takataka wewe, na usirudi, wala usiwahi kuniita jina!" Gunia likakaa kidogo. Mwanga ukarudi.

Nikajisikia vizuri, kusema kweli. Nililala.

Asubuhi fundi akaja kuchukua bisibisi yake. Alikuwa anacheka tangu nje.

"Mgogo, umenishinda. Nakuvulia kofia."

"Nini tena?"

"Jana nilikuwa pale ng'ambo, kwa fundi baiskeli. Mama wa watu amekuja mwenyewe, kamkimbia kaka yake, ndiyo kwanza anajifunga kanga vizuri apige hodi. Hajafungua mdomo, wewe ukaanza. Mimi nilibadilisha waya tu, bwana. Mke umemfukuza mwenyewe."

Nikashika nguzo.

"Alisema nini?"

"Atasema nini na wewe ulikuwa unasema? Alisikiliza mpaka ukamaliza. Akaondoka."

"Alishika njia gani?"

"Ya stesheni. Na watoto wake, walikuwa wanamngoja barabarani."

"Alikuwa amebeba kitu?"

"Kapu."

"Ndani mna nini?"

"Sasa mimi nitajuaje?" akasema, namsikia anachakura begi lake. "Mimi naona, lakini siyo ndani ya makapu ya watu."