Kibuyu cha Darini

Biashara zilipoachiwa watu binafsi, tajiri mmoja wa Bariadi alinunua duka la ushirika, akanipa kazi ya kubomoa rafu, kaunta na dari. Mama yangu alinunua vitenge vyake vyote pale, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa mzito kubomoa.

Darini nikakuta kibuyu kimefungwa kitambaa cheusi. Vibarua wakaweka nyundo chini. Nami, msimamizi wao, nikavua viatu, nikapiga magoti kwenye vumbi.

“Wazee wetu, nisameheni,” nikasema kwa Kisukuma, machozi yakinitoka. “Nitawaletea mbuzi.”

Tajiri akaingia, akadhani kuna msiba, akainamisha kichwa. Nyuma yake alisimama mlinzi wa duka.

“Ngosha,” mlinzi akaniambia taratibu, “ukimaliza kuomba, nipe ugoro wangu. Huwa nauficha humo kibuyuni, mke wangu asiuone.”