Alama Iliyokaa Juu ya Mzio

Simu ilinikuta sokoni Kasulu nikichagua maharage. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya kimoja wilayani Kibondo, nilikowaandikia programu ya kumbukumbu za wagonjwa.

"Dada, kuna mama tumemchoma penisilini, amevimba uso, anapumua kwa shida. Na mzio wake niliuandika mimi mwenyewe kwenye hiyo kompyuta!"

"Labda hukubonyeza kuhifadhi."

"Nilibonyeza. Nikauona kwenye kioo kwa macho yangu."

Niliyaacha maharage kwenye mizani, nikakimbia nyumbani. Wiki mbili nyuma wauguzi waliniomba niongeze nafasi ya kuandika mzio. Niliongeza mstari mmoja, kazi ya dakika tano, nikaenda kunywa chai. Sasa niliutazama mstari ule, nikaona nilipouweka.

Umri wa mgonjwa hatukuuhifadhi. Programu iliuhesabu yenyewe kutokana na tarehe ya kuzaliwa. Ndiyo maana juu ya mstari wa umri niliweka alama fupi, maana yake: hiki kitumie tu, usikipeleke kwenye hifadhidata. Alama ya namna hiyo hushika mstari unaoifuata. Na mimi mzio nilikuwa nimeuchomeka hapo katikati, baina ya alama na umri, alama ikaushika mzio. Muuguzi aliandika, akayaona maneno yake, akafunga ukurasa, yakapotea. Programu haikulalamika hata mara moja.

Nilimpigia mganga mfawidhi wa kituo. Nilishindwa hata kusalimia.

"Msiiamini kompyuta kwa mzio, haikuuhifadhi. Kila mgonjwa aulizwe upya."

Akauliza: "Ambao mzio wao umepotea ni wangapi?"

"Sijui. Hawakuandikwa popote."

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi kwenda Kibondo. Yule mama alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji, jicho moja bado halijafunguka. Nilipiga magoti nikamweleza kwa Kiha kwamba kosa lilikuwa langu, si la muuguzi. Habari za kompyuta hakuziuliza kabisa.

"Nilimwambia yule binti," alisema. "Nilimwambia mara mbili. Akaandika, nikamwona anaandika."

Mstari nilikwisha kuurekebisha usiku wa jana yake, lakini siku ile nzima nilikaa na wauguzi tukiwapigia simu wagonjwa wa wiki zile mbili, mmoja mmoja. Wengine hawakuwa na simu. Hao mganga alimtuma mhudumu wa afya awafuate kwa pikipiki hadi vijijini Kumsenga.