Mahali pa Kuzeekea

Watu wa kwao yule mzee wa Kizungu wakistaafu huchagua mahali pa kuzeekea kama sisi tunavyochagua kitambaa cha suruali. Wanashika, wanavuta, wanauliza kama kinachuja rangi. Mzee huyu alikuwa ameshashika pwani za nchi kadhaa kabla ya kufika Dar es Salaam. Moja aliiacha kwa sababu ya mbwa wa mitaani. Nyingine aliikimbia kwa sababu ilijaa watu wa kwao, naye alisema hakuhama kwenye baridi ili aje kukaa na majirani wale wale, safari hii wakiwa nusu uchi.

Alifikia gesti ya Mchafukoge ninakofanya usafi na kufua mashuka. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, alikiokota Mombasa. Alitaka mtu wa kutembea naye. Mimi nina kazi, kwa hiyo nikampa mdogo wangu, ambaye siku zile alikuwa bado anasukuma mkokoteni Kariakoo na mgongo umeanza kumkataa.

Wakawa wanavuka na pantoni kwenda Kigamboni, wanatembea ufukwe mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu akirudi jioni alinihadithia huku akicheka. Alisema mzee anakunja suruali, anaingia hadi magotini, anachovya kiwiko majini kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Kisha anatoa hukumu. Pengine anasema, "Hii supu," wanaondoka. Siku moja alikaa na kiwiko majini muda mrefu, akamtazama mdogo wangu, akasema, "Hii."

Karibu na hapo palikuwa na nyumba inayopangishwa, ina chumba cha uani. Mzee akasema mdogo wangu ataishi katika kile chumba, atunze nyumba na bustani, awe mtu wa pale. Mdogo wangu alikuja kunieleza nikiwa naanika mashuka darini.

"Kaka," alisema, "mimi nastaafu kabla yako."

Mkokoteni aliukabidhi kwa mwenyewe kesho yake. Nadhani sijawahi kumwona mtu akirudisha kitu kwa furaha namna ile.

Ilibaki kununua vitu vya nyumba. Tukaenda Kariakoo watatu, asubuhi, kutafuta feni, chandarua na sufuria. Mimi niliingia dukani kubishana bei ya feni, kwa sababu mzee akisimama pale bei inapanda. Wao wakabaki barazani. Nilipotoka nilimkuta mzee ameketi kwenye ngazi, mkono kifuani, jasho linamtoka, uso umekuwa kama majivu. Mdogo wangu hakuwepo. Mzee akaniambia dawa ya kifua imeisha, pakiti tupu ilikuwa kwenye mfuko wake wa ngozi pamoja na pesa, amempa mfuko mzima akimbie duka la dawa.

Wakati ananieleza hayo, mtaa wa pili ulikuwa tayari unapiga kelele. Nilisikia neno mwizi, nikasikia viatu vingi vikikimbia. Nikaendelea kumpepea mzee kwa boksi la feni. Anayefanya shughuli Kariakoo hageuki kwa kelele hizo kila zikitokea, angepinda shingo.

Kwetu neno hilo halina mwenyewe. Anayelitamka haulizwi ameona nini. Baadaye nilielewa ilivyokuwa: watu waliona mzee mgeni amekaa chini amenyoosha mkono anaita, na mwanaume wa kifua kipana anakata mbio na mfuko wa ngozi ambao hata kipofu angejua si wake. Mzee alikuwa anaita, "Haraka, haraka."

Akaja mwanaume mmoja mnene mwenye fulana ya timu ya mpira, anahema, ameubeba ule mfuko kwa mikono miwili. Akainama mbele ya mzee kwa heshima.

"Babu, mali yako hii. Hakuna kilichopotea. Tumemnyoosha."

Mkanda wa mfuko ulikuwa umelowa. Niliushika nikaona vidole vyangu vimekuwa vyekundu. Nilimwacha mzee hapo hapo kwenye ngazi.

Walikuwa wamemlaza kando ya mtaro. Shati lilikuwa limevutwa kichwani, hata aliyetaka kumtambua asingeweza. Wawili walikuwa na vipande vya bomba, wengine mawe, wengine miguu tu. Kila bomba lilipotua lilitoa mlio mzito, kama mtu anayepiga godoro kulitoa vumbi. Mama mmoja aliacha meza yake ya nyanya, akavua kiatu, akampiga nacho mara kadhaa, akakivaa, akarudi kuuza. Hakuwa na hasira hata kidogo. Mtu alikuwa anakuja anabiringisha tairi, na mwingine anamwomba bodaboda petroli, bodaboda anakataa anasema atarudije nyumbani.

Niliangukia juu yake. Nikasema huyu ni mdogo wangu, ametumwa dawa.

"Na wewe umetumwa nini?" mmoja akauliza, watu wakacheka.

Bomba likashuka. Niliweka mkono, vidole viwili vikavunjika. Kimoja hakikunji mpaka leo. Chini yangu nilimsikia anavuta pumzi yenye maji. Nikasema tena ni mdogo wangu. Wakasema basi ni ukoo wa wezi. Walinivuta miguu kunitoa, nikamng'ang'ania shingoni, tukaburutwa wote wawili.

Kisha wakaacha, nikadhani wamechoka. Hawakuchoka. Mzee alikuwa amefika, anajikokota huku kashikiliwa na yule mwenye fulana ya mpira, na umati ulikuwa unampisha njia.

"Mpisheni mwenye mali," walisema. "Mpisheni naye apige."

Wakamwekea bomba mkononi. Kwetu hiyo ni heshima, aliyeibiwa hupewa zamu yake. Mzee alilishika kama mtu aliyepewa kitu ashike kidogo. Akatazama chini. Nilikuwa nimeshalivuta shati kutoka usoni mwa mdogo wangu. Alimtazama muda mrefu, akaliachia bomba likaanguka, akapiga magoti kwenye maji ya mtaro na suruali yake safi.

"Mwanangu," alisema. Hilo neno alilijua. Akalirudia.

Hakuna aliyeomba radhi. Watu walianza kuondoka kutoka nyuma, kama wanavyotoka msikitini, na waliokuwa mbele walipogeuka hawakukuta mtu. Tairi lilibaki. Msichana wa duka la dawa ndiye aliyekuja kumpa mzee kidonge cha kuweka chini ya ulimi, akatuitia bajaji.

Mdogo wangu alikufa hospitalini siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, bila kusema neno. Polisi waliuliza ni nani alianza. Kariakoo yote haikuwa imeona.

Nilikuwa na jambo moja tu lililobaki, asizikwe na jina lile. Msibani mikeka ilibaki mitupu. Majirani tuliokula nao daku miaka yote walipita mlangoni wakatoa pole wakiwa wamesimama. Mwizi haliliwi. Niliwaeleza, lakini kaka wa mwizi atasema nini kingine?

Nikaenda gesti. Mzee alikuwa anafunga sanduku. Binti yake alikuwa amempigia simu kumwambia aondoke siku ile ile, na nyumba ya Kigamboni alikwisha kuikataa. Sikumlaumu. Nilimwomba aje makaburini aseme maneno machache tu, kwamba yeye ndiye aliyempa mfuko. Akaniuliza kama watamdhuru. Nikamjibu kwamba sijui. Alikaa kitandani, akatazama sanduku, akaniuliza avae nini.

Wanaume walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wengi wao kwa udadisi. Baada ya sala shehe akageuka kuuliza swali tunaloulizwa juu ya kila maiti.

"Ndugu zangu, mnamshuhudia vipi marehemu huyu?"

Jibu lake kila mtu analijua. Mlevi hujibiwa hivyo, mpiga wake hujibiwa hivyo. Mtu mwema. Nilisema peke yangu, na sauti yangu ikaishia hapo hapo. Watu walitazama viatu vyao. Shehe alikohoa.

Mzee alikuwa amesimama nje ya safu, kofia mkononi, jua linamchoma upara. Akasogea mpaka kwenye jeneza.

"Mimi mgonjwa," alisema. "Mimi nimempa mfuko. Nimesema kimbia. Yeye amekimbia kwa mimi." Akatafuta neno jingine, akalikosa, akarudi alipokuwa.

Shehe aliuliza mara ya pili. Kwanza mmoja, kisha kama kumi, kisha wote: mtu mwema. Mara ya tatu walilisema kwa nguvu mpaka wachimbaji waliokuwa kaburini wakainua vichwa.

Mzee hakusubiri maziko yaishe, ndege yake ilikuwa ya jioni. Alinishika mkono ule mzima, akaondoka. Sasa anaishi pwani ya nchi nyingine, aliniandikia kwamba maji yake ni vuguvugu na watu wapole. Naamini. Hapa kwetu pia aliandika hivyo hivyo, nilishamsikia akimsomea binti yake kwenye simu.

Tukaanza kufukia, tukipokezana majembe kama ilivyo desturi, anayechoka anampa aliye karibu. Mbele yangu alikuwa mwanaume mnene, mgongo umelowa jasho, anafukia kwa bidii kuliko wote. Alipogeuka kutafuta wa kumpokea nikamtambua, ndiye aliyeleta mfuko. Naye alinitambua. Sijui kama alikuja kutubu au alikuja kwa kuwa mtaa wake ulikuja.

Alininyooshea jembe. Nililipokea, kwa mkono wangu mmoja mzima. Kaburi lilikuwa halijajaa.