Taya la Bafuni

Mume wangu ni mzamiaji, mtaani wanamwita Chura. Kazi yake ni kuingia kwenye mapango yaliyojaa maji na kutafuta mifupa ya wanyama waliotoweka zamani. Mama yangu hajawahi kuiita kazi. "Mwanaume mzima anazamia mizoga!" husema, kisha husonya.

Wiki ile Chura alirudi na taya kubwa la mnyama ambaye hakuna binadamu wa leo aliyewahi kumwona. Lilikuwa na mikato ya kisu cha jiwe. Maana yake watu waliishi mle pangoni kabla maji hayajapanda, na mnyama huyo walimla. Alama kama hizo amezisaka tangu hatujaoana. Tangi la makumbusho, ambamo mifupa yake hulowekwa, lilikuwa linavuja, basi taya likalazwa bafuni kwangu, kwenye beseni la kufulia. Sharti lilikuwa moja: lisikauke. Likipigwa na jua, mfupa unabanduka juu juu na mikato nayo inapotea.

Sasa Mama akaja kututembelea. Mama akikanyaga kwako, kila kitu kinafuliwa na kuanikwa. Tunarudi kutoka sokoni, taya hilo uani, limeogeshwa kwa sabuni, limepangwa juani kati ya mito na magodoro.

Ningekuwa Chura ningepiga kelele mpaka majirani watoke. Lakini huyo ni mkwewe! Hajawahi hata kumwambia chai yake ina sukari nyingi. Akachukua mwavuli, akasimama kulitia taya kivuli, huku akilimwagia maji kwa kikombe. Jasho linamtiririka.

"Mwanangu," Mama akaninong'oneza, "mumeo yuko sawa kweli?"

"Muulize mwenyewe."

"Mama," Chura akasema, macho chini, "huyu ni mzee sana. Amekaa majini maelfu ya miaka. Jua hajalizoea."

"Mzee? Nami nimemwanika na magodoro! Kwa nini hukusema, baba?" Mama akavua mtandio wake, akauchovya kwenye ndoo, akalifunika taya polepole. Kidole chake kikapita kwenye mikato. "Jamani, hawa walikuwa na njaa," akasema.

Ufa mmoja ulikuwa umeshaingia pembeni. Mikato ilisalimika, na Chura alilia waziwazi.

Siku hizi Mama akipiga simu, anaanza hivi: "Mkwe wangu hajambo? Na mzee wake, mmemlowesha leo?" Mimi niliyetoka tumboni mwake, salamu yangu huja mwisho, kama salio halijaisha.